Hiyo sentensi ya "lucky few" irekebishe kabla hujatuma

Mwanangu, hujambo baba. Huku Tabora tuko salama, maembe ndo yameanza kuiva na bibi yako kashakutengea chupa ya asali ya Sikonge, tunasubiri tu mtu wa kuja Dar.

Barua yako ya kuomba ufadhili nimeisoma yote afu nikairudia. Ni nzuri sana. Ila pale ulipoandika "I am one of lucky few who has passed" siwezi kupaacha, kingereza nimekifundisha miaka mingi mno.

Kwanza the umeisahau, wengi wetu tunaisahau maana Kiswahili hakina kitu kama hicho, lakini hapo lazima iwepo, "the lucky few", na usije ukaweka s ikawa fews. Afu hiyo has. Najua umeiona one ukasema ni mmoja, lakini who inawafuata wale few, ni kama unavosema mmoja wa wachache waliobahatika, husemi aliyebahatika, basi weka have. Au andika tu "I was among the lucky few who had", had haibadiliki hata wawe wangapi.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo passed. Kufaulu kwako sio bahati baba, umeme ukikatika ulikua unasoma na tochi ya simu na mimi nakuona, sasa ukijiita lucky mtu wa kule Uingereza asiyekujua ataona umeokota tu. Bahati unayo na uitaje ilipo: shule yenu ilikua na mwalimu wa fizikia miaka yote na maabara yenye vifaa, wakati wenzako kibao hapa mkoani walikua wanakariri majaribio ambayo hawajawahi kuyafanya. Hapo ndo maneno hayo yanakaa.

Na wawe wachache kweli. Shakespeare, yule ambae Mwalimu Nyerere aliesoma hapahapa Tabora Boys alikuja kumtafsiri, kwenye tamthilia yake ya Henry V anamfanya mfalme wa Uingereza awaambie askari wake "we happy few" kabla ya vita vya Agincourt vya 1415, na happy ya enzi hizo ilibeba pia maana ya mwenye bahati. Walikua wachache mbele ya jeshi kubwa la Ufaransa. Kitu ambacho nusu ya darasa wamekipata usikiitie few.

Andika upya leo, unitumie wasapu niisome kabla hujaipeleka, hata ikiwa usiku mimi ntakua macho.

Mama yako