Kufundisha nenda, ila wodi usiiache

Shoga yangu,

Za siku nyingi? Meseji yako ya kuniuliza kama uache wodi ukafundishe niliiona juzi usiku nikiwa hoi, nikasema hii siijibu kwa maneno mawili. Kazi ya kufundisha ikubali, lakini wagonjwa wako wa kiharusi usiwaache, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki zing'ang'anie.

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu alikuwa anamkalisha mzee aliyepooza kushoto, sasa mzee analalia huko huko upande mbovu na anajisukuma kwa mkono mzima, we unawajua hawa, ukimvuta arudi katikati ndo anasukuma zaidi maana ubongo wake unamwambia pale alipoinama ndo wima na wewe unataka kumwangusha. Binti anavuta, jasho linamtoka, mzee macho yamemtoka kwa woga. Nikamwambia acha kumvuta, kaa naye karibu tu, mgeuze atazame mlango. Mzee nikamuuliza, baba, ile fremu ya mlango imesimama wima, we uko sawa nayo? Akaitazama weee, halafu akaanza kurudi mwenyewe, pole pole, mpaka bega likalingana. Binti machozi yakamlenga, na mimi pia.

Kwenye slaidi hiyo ipo, mistari miwili, lakini mkononi haiingii hivyo. Ni kama kumwambia mtu asimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza, wote wanaitikia ndiyo, kesho wanavuta, mpaka siku umshikishe kidole pale begani aguse mwenyewe lile pengo mfupa ulikoshuka kwa sababu misuli imelegea.

Halafu kufundisha kunakulazimisha kusoma upya. Mimi kwa miaka niliamini kumwamsha mgonjwa mapema na kumkazania sana ndo sawa, ukaja ule utafiti wa AVERT wa 2015, wagonjwa zaidi ya 2,000, walioanzwa ndani ya saa 24 kwa mazoezi mengi hali zao baada ya miezi 3 hazikuwa nzuri kama za wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Ilibidi nisimame darasani niseme mimi nilikuwa nafanya vile, sasa tunaanza kidogo kidogo. Iliniuma, ila ningekuwa wodini tu pengine hata nisingeisoma.

Basi ukisaini nipigie, notsi zangu zote za balansi nakupa, na kile kipimo cha Berg cha kupima balansi usiwape wanafunzi kama alama 56 za kujaza tu, waulize mgonjwa ameyumba wapi.

Nakumiss sana.
Mwenzio