Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: OMBI LA FEDHA ZA VITENDANISHI KWA UTAFITI WA PEPTIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa biokemia hapa Dodoma, na ombi langu huenda likakushangaza: siombi jengo. Majengo tunayo. Naomba vitendanishi, yaani kemikali na protini za kufanyia majaribio ya peptidi, ile minyororo mifupi ya asidi amino, matofali yanayojenga protini.

Mwilini mwetu kuna aina zaidi ya 500 za protini ziitwazo kinasi. Kazi yake ni kuchukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, ambayo hapo huanza kazi au huacha. Tangu imatinibu, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, dawa nyingi mno za kinasi zimekuwa za kuzizima. Haishangazi. Ukiziba tundu ambamo ATP huingia, kinasi imelala. Kuiamsha ndiko kugumu, na huko ndiko bado kuna nafasi kwa wageni kama sisi.

Wala kuamsha kinasi kwa peptidi si ndoto. Insulini anayochomwa mgonjwa wa kisukari kila siku ni peptidi ya asidi amino 51, na kipokezi inachokiamsha ni kinasi. Mfano mwingine ninaoupenda ni kinasi iitwayo PDK1. Ubavuni mwake, pembeni ya tundu la ATP, kuna kishimo kidogo. Watafiti waligundua kwamba kipande cha asidi amino 24 kutoka mkia wa kinasi nyingine kikijipachika humo, PDK1 inakaa mkao wa kazi. Kazi iliyobaki ni ya usanifu: kipande kifupishwe vipi, kikazwe vipi kisimeng'enywe, kipenye vipi utando wa seli.

Usanifu huo kijana wa hapa anaweza kuuanza kwa kompyuta mpakato, umeme ukiwepo. Maumbo ya kinasi yapo mtandaoni bure. Akishapata mchoro wake, anakwama. Peptidi lazima itengenezwe kwa mashine inayounganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kwa njia aliyoitoa Bruce Merrifield mwaka 1963. Kinasi ya kuijaribia nayo huagizwa nje na kusafirishwa ndani ya barafu kavu, ambayo haiachi hata maji, inageuka hewa. Mzigo ukikwama kusubiri kibali, kinachofika maabara ni kichupa cha protini iliyoharibika, na hela ya mradi imeshalipwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Fedha za utafiti ziwe na fungu la vitendanishi peke yake, ili vyuo viagize kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika kivyake. Na vibali vya vitu vinavyoharibika vitolewe kabla ndege haijatua.

Mtumba si mbali. Ukitupa nusu saa, nitakuja na wanafunzi wangu na michoro yao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa biokemia, Dodoma.

Nakala: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)