Bunduki uliyoniuliza

Mwanangu,

Ulipopiga simu nilikuwa kazini, sikukujibu vizuri. Nakuandikia sasa nimetulia.

Unasema wenzako hapo Bozeman wanakushauri ununue 300 Winchester Magnum, bunduki ya risasi zenye nguvu sana, kwa kuwa elki unayetaka kumwinda, yule wa jamii ya kulungu, ni mnyama mkubwa. Ni mkubwa kweli, dume hupita kilo 300. Lakini bunduki inayokutwanga bega hukuzoesha kufumba macho kabla hujafyatua. Chukua 30-06, ambayo teke lake ni dogo zaidi. Jeshi la Marekani liliianza mwaka 1906, na hadi leo risasi zake huzikosi hata kwenye duka dogo la huku milimani. Tafuta zenye kichwa cha shaba tupu, uzito wa greni 180 (kama gramu 12), kisichovunjika vipandevipande kikikuta mfupa. Hicho kitapita mapafu yote mawili. Na bunduki isiwe nzito, maana milima ya Bitterroot utaipanda nayo tangu alfajiri.

Kuiandaa ndiko kunakoniuma. Mwaka juzi niliteleza kwenye theluji, bunduki ikagonga mwamba. Niliipangusa, nikaitazama, haikuwa na mkwaruzo, nikaendelea. Baadaye akatokea elki jike, yadi 150, amenipa ubavu. Nililenga nyuma ya bega, risasi ikampata tumboni. Tulifuata matone ya damu mpaka giza likatuzuia. Asubuhi tuliporudi, theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu. Mnyama yule alikufa mahali fulani peke yake, na nyama yake hakuila mtu. Nilipokwenda kupima bunduki, kwa yadi 100 risasi zilikuwa zinaangukia inchi 8 kando. Darubini ya kulengea iliyo juu yake ilikuwa imehama.

Kwa hiyo kaza skrubu za darubini kabla ya yote. Piga risasi tatu tatu kwa yadi 100 mpaka zikae pamoja, inchi 2 juu ya kitovu cha shabaha. Ukifika yadi 200 zitakuwa zimeshuka hapohapo kitovuni. Tumia aina ileile ya risasi utakayowindia. Kisha ondoka kwenye meza ya kuegemezea bunduki: kimbia kidogo, keti chini, egemeza bunduki juu ya begi, upige moyo ukiwa bado unadunda. Mlimani hakuna meza.

Futa mafuta ndani ya bolti, kile chuma unachovuta kuingiza risasi; kwenye baridi kali huganda na kupunguza nguvu ya pini inayoigonga risasi. Mdomo wa mtutu uzibe kwa utepe, theluji isiingie. Na ukianguka, hata kidogo, usimfyatulie mnyama yeyote mpaka umeipima upya. Hata akisimama mbele yako, mwache aende.

Njoo wiki ya Sikukuu ya Shukrani, msimu wa kuwinda unafungwa Jumapili yake. Ila usipite na bunduki sebuleni. Mama yako bado hutoka nje nikifungua kasha la bunduki. Kule kwetu Fizi, Kongo, mlio wa bunduki ulikuwa na maana moja tu, na siku tuliyokimbia wewe ulikuwa mgongoni mwake. Ingia kwa mlango wa gereji, nitakuwa nakungoja.

Baba yako