Barua kwa mwanangu: ndege wa dirishani

Entebbe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kile kisanduku cha plastiki cha kulishia ndege ulichotutumia kutoka Uingereza kilifika salama, na huu ni mwezi wa pili kimebandikwa kwenye kioo cha sebuleni kwa vikombe vyake vitatu vya mpira. Vikombe hivyo vilinisumbua, kwa maana mara mbili vilibanduka usiku na asubuhi nikakuta mtama umetapakaa barazani, hadi nilipokiosha kioo kwa maji ya moto na sabuni na kukikausha, ndipo viliposhika barabara.

Nakiri kwamba mwanzoni sikuafiki. Nilimkumbuka yule shore aliyejigonga kwenye dirisha hilohilo ulipokuwa darasa la tatu, ukamzika chini ya mparachichi huku ukilia, nikajiuliza kwa nini tuwaalike ndege kwenye kitu kinachowaua. Ndege hakioni kioo. Huona mbingu na miti inayoakisiwa juu yake, naye huiendea kwa kasi yake yote. Lakini anayekula pale pale kwenye kioo, au umbali usiofika mita moja, hata akishtuka na kuruka hapati nafasi ya kushika kasi ya kumvunja shingo. Hatari zaidi ni kuweka chakula mita kadhaa kutoka dirishani, nami ndivyo nilivyokuwa nimekusudia kufanya. Madirisha mengine nimeyachora mistari ya chokaa upande wa nje, jambo ambalo mama yako bado hajanisamehe.

Tunapozima taa na kukaa kimya nyuma ya pazia, chumba huwa na giza kuliko nje, na ndege hawatambui kwamba tupo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka yote hii nimewaona bila kuwatazama. Kwera dume, yule wa manjano mwenye kichwa cheusi anayeichana migomba yetu kwa ajili ya kiota chake, ana jicho jekundu kama kaa la moto. Shore, niliyemdhania kuwa wa kahawia mtupu, ana manyoya ya manjano chini ya mkia. Kuzumburu ndiye kichekesho: hupenda papai lililoiva, na akishiba hujining'iniza kwenye nondo za dirisha, miguu ikiwa imepanda hadi usawa wa kifua, kama mtu aliyeshika kamba.

Hata hivyo aliyeniteka ni chozi mwenye kifua chekundu. Kwa mbali ni kindege cheusi chenye doa. Kwa karibu, utosi na kidevu chake hung'aa kijani akigeuka kidogo tu, kisha hufifia tena, kwa sababu mng'ao ule hautokani na rangi bali na umbo la manyoya yanavyoirudisha nuru. Katikati ya wekundu wa kifua kuna vistari vya buluu ambavyo sikuwahi kujua kama vipo. Kwa kuwa yeye hali mtama, nimemfungia kichupa cha maji ya sukari kwenye nondo, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji. Asali simpi, maana huchacha upesi na kuota ukungu. Hata hayo maji ya sukari nayabadilisha kila baada ya siku mbili kwa ajili ya joto.

Ulaya watu huwalisha ndege hasa wakati wa baridi kali, chakula kinapoadimika. Hapa kwetu bustani haikauki mwaka mzima, kwa hiyo naweka kiganja kimoja tu asubuhi, cha kuwaita karibu na si cha kuwafuga, kisha jioni naosha kisanduku ili mabaki yasiwaletee maradhi.

Jambo moja ambalo waliokitengeneza hawakulifikiria ni tumbili. Juzi mmoja alikibandua kwa mkono mmoja, akala papai lote, akatuangalia kupitia kioo bila haya. Ndiyo maana barua hii naiandika nikiwa dirishani, fimbo ikiwa magotini.

Baba yako