Semina za viongozi wa ushirika zianze na matamanio

Ndugu Mhariri,

Semina za viongozi wapya wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) hapa Moshi hufundisha leja, yaani daftari la hesabu, sheria ya ushirika na uendeshaji wa mkutano mkuu. Ni ya lazima hayo. Lakini anayeijua leja vizuri anajua pia pa kufichia wizi, na hakuna anayemuuliza mjumbe anatamani nini.

Azimio la Arusha la 1967 liliigusa tamaa kwa makatazo: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991. Katazo likiondoka, mtu hubaki na hamu ambayo hakuwahi kufundishwa kuitambua.

Mwanafalsafa Mgiriki wa kale, Epicurus, aliyagawa matamanio mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama chakula; ya asili yasiyo ya lazima, kama mlo wa kifahari; na yasiyo ya asili wala ya lazima, kama sifa na madaraka. Hilo la mwisho halina kikomo. Mwenye njaa hushiba. Aliyesifiwa hutaka asifiwe tena. Naye Mfaransa René Girard, mwaka 1961, alionyesha kwamba tunatamani kwa kuiga. Mwenyekiti akienda mafunzo Dodoma, safari ambayo jana hakuna aliyeitaka inakuwa ugomvi wa bodi nzima.

Zoezi ninalopendekeza semina zianze nalo ni karatasi moja na dakika 20, kabla ya kikao cha kwanza cha bodi. Kila mjumbe aandike mambo 10 anayoyataka kutokana na nafasi yake, hata ya aibu. Kando ya kila jambo aweke fungu lake, na jina la mtu aliyemwona nalo. Kisha achague moja linalomvuta zaidi, aamue atakaa pembeni lini. Anayeutaka mkopo mkubwa asiketi kwenye kikao kinachopitisha maombi.

Zoezi huharibika mkufunzi anapotaka karatasi zisomwe kwa sauti. Papo hapo wote huandika “kuwatumikia wanachama”. Karatasi ibaki mfukoni mwa mwenyewe.

Kosa lingine ni kuligeuza mahubiri dhidi ya tamaa. Ada ya mtoto ni haja halali, na posho ijadiliwe waziwazi, ikubaliwe na mkutano mkuu. Bodi inayoona haya kuitaja posho huikuta baadaye kwenye stakabadhi za mafuta, lita 40 kwa safari ya lita 10.

Mkufunzi wa viongozi wa ushirika,
Moshi