Barua kwa mwanangu aliye Columbus

Pittsburgh, 1 Mei 2023

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua lakini kazini anakwenda. Picha ya mkeka uliyonitumia juzi saa saba usiku nimeiona. Niliitazama nikiwa zamu, nikaitazama tena asubuhi nikidhani ni usingizi. Umebeti dola 400, kwamba Pirates, timu yetu ya besiboli hapa Pittsburgh, watamaliza msimu wakiwa wa kwanza kwenye kundi letu. Na chini yake umeandika, "Baba, mwaka huu ni wetu."

Natamani uwe wetu kuliko unavyotamani wewe. Tumeshinda 20, tumefungwa 9, tuko kileleni. Mwaka juzi tulipoteza mechi 101, mwaka jana 100, na kofia sikuivua. Siku hizi kazini watu wananiuliza matokeo kabla ya salamu. Kwa hiyo usiniambie sina imani. Lakini zimechezwa mechi 29 katika 162. Zimebaki 133, mwanangu. Hesabu umesoma wewe, si mimi.

Tazama mchezaji wetu Oneil Cruz. Aprili 9 aliteleza kuingia besi ya nyumbani, mguu ukavunjika, na kijana tuliyekuwa tunamtegemea akatoka uwanjani akishikiliwa. Mchana mmoja tu. Na kesho tunaanza na timu ya Tampa Bay kwao, watu walioanza msimu kwa kushinda 13 mfululizo, hadi jana wameshinda 23 na kufungwa 6. Tukimalizana na hao, timu ya Toronto inakuja hapa kwetu. Subiri Jumapili ndipo tuzungumze habari za kileleni.

Najua hapo Ohio kubeti michezo kumeruhusiwa tangu Januari. Sisemi umevunja sheria. Nasema hiyo pesa ni kodi ya nyumba, kwa sababu mshahara wako naujua na matumizi yako nayajua. Mwaka mzima hujakosa siku hata moja pale ghalani, na darasa la jioni unakwenda. Kanisani nimewaambia wote, mpaka mama yako akaniambia basi, inatosha. Halafu mtu huyohuyo anaweka mkeka saa saba usiku! Ulikuwa macho unafanya nini saa hizo, na asubuhi una kazi?

Jumatano ulikuwa darasani, hukusikia ya Drew Maggi wa Pirates. Ana miaka 33. Miaka 13 amecheza ligi za chini, mechi zaidi ya 1,000, na ligi kuu hajawahi kuigusa. Usiku ule akaitwa kupiga, mechi na Dodgers. Uwanja mzima ukasimama, kwa mtu ambaye wengi wetu wiki moja nyuma hatukumjua hata jina. Niliiwasha redio ya jikoni sauti juu. Akatolewa kwa straiki tatu, mpira hakuupata, akarudi kukaa, na watu bado wanampigia makofi. Mimi nililia, wali ukaungua. Juzi kule Washington akapata hiti yake ya kwanza, akaupiga mpira akafika besi. Sasa niambie, kama pesa yako ingekuwa kwenye mechi ile, yule mtu ungemwona? Ungekuwa umeinamia simu.

Mjomba wako Morogoro Ijumaa alikuwa na mkeka wa Simba. Wydad wakawatoa kwa penalti. Mpaka leo hapokei simu, na bati za paa la bibi yako zilikuwa zinunuliwe na pesa ileile. Nitazituma mimi, usijali.

Ile safari ya Washington ya darasa la nane, ambayo wenzako walikwenda na wewe ukabaki. Nilikwambia mshahara umechelewa. Haukuchelewa. Dukani pale kona walikuwa wanauza tiketi za bahati nasibu, na mimi nilikuwa napita pale kila Ijumaa. Mama yako anajua.

Hiyo 400 imeshakwenda, usiifukuze. Tampa Bay wakitufunga kesho, usiweke nyingine ili kuirudisha ya kwanza. Ifute programu hiyo kwenye simu, leo, kabla hujalala. Na kama kodi ya mwezi huu imepungua, sema. Nitatuma, sitauliza mara mbili. Ila usije ukaniambia mshahara umechelewa.

Chini kwenye bezimenti maji yameingia tena, kona ileile. Nimetoa maboksi yako, vitabu vimepona, viatu sijui. Breki za gari la mama yako fundi anataka kuziona kabla ya mwisho wa wiki, na mimi nataka uzione wewe kwanza. Ukija lete sufuria kubwa, ile yenye mfuniko mzito, mama yako ameiulizia mara tatu.

Maana Jumamosi uje. Nimepata tiketi mbili za mechi na Toronto, viti vya juu upande wa besi ya tatu. McCutchen, nyota wetu wa zamani, atakuwepo, na tangu aliporudi Pirates hujamwona. Mimi nilikuwepo Aprili 7, alipovua kofia ngumu pale kwenye besi akageuka kututazama, nikatamani ungekuwa kando yangu. Daraja la Clemente, la kwendea uwanjani, bado limefungwa kwa matengenezo, itabidi tuzunguke, kwa hiyo toka Columbus mapema. Chukua na sweta, jioni mtoni bado kuna baridi.

Baba yako