Malalamiko kuhusu kitabu cha World of Wakanda mlichotujalidia na kutuuzia

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kampuni ya uuzaji na ujalidi wa vitabu,
Lubumbashi

Kuhusu: kuondolewa kwa kurasa, kuvurugwa kwa mpangilio wa matoleo na kuachwa kwa majina ya waandishi

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa niaba ya kikundi cha usomaji cha shule yetu ya sekondari katika komini ya Kamalondo, ambacho kiliagiza kwenu matoleo yote 6 ya mfululizo wa katuni uitwao Black Panther: World of Wakanda, yajalidiwe pamoja katika jalada gumu kama katalogi yenu inavyoahidi. Fedha tulilipa zote siku ya kuagiza, na risiti yenu inasema waziwazi kwamba tunauziwa mfululizo kamili. Kitabu kilichotufikia hakijakamilika, matoleo yake hayafuatani inavyopaswa, na kibandiko cha mgongoni kinampotosha msomaji kuhusu walioandika.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba hivi ni vitabu vya picha tu, na kwamba watoto hawatagundua kitu. Naomba nieleze kwa nini watagundua, na kwa kweli wamekwisha kugundua. Mfalme T'Challa wa Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika katika katuni za Marvel, ambaye ndiye shujaa Black Panther, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na tangu wakati huo hadithi zake zimesimuliwa na wengi. Mwaka 2016 Ta-Nehisi Coates alianza mfululizo mpya uliochorwa na Brian Stelfreeze, na katika toleo lake la kwanza kabisa tunamkuta Aneka, nahodha katika kikosi cha Dora Milaje kinachomlinda mfalme, amekwisha kuhukumiwa kifo kwa kumuua mkuu wa kijiji aliyekuwa akiwatesa wanawake. Mwenzake Ayo anakuja kumtoa kifungoni akiwa amevaa vazi la vita aliloliiba. Msomaji hapewi nafasi ya kuuliza hawa wawili ni akina nani, walijuana vipi, wala ni nini kilichomfanya askari aliyekula kiapo mbele ya kiti cha enzi aiasi sheria ya nchi yake.

World of Wakanda, uliotoka Novemba mwaka huohuo, ndio unaojibu maswali hayo. Roxane Gay aliuandika na Alitha Martinez akauchora, na wakaturudisha nyuma hadi siku ambazo Aneka ni mkufunzi mkali na Ayo ni kuruta mkaidi asiyekubali kunyamazishwa. Tunauona ukali ule ukigeuka kuwa heshima na heshima ikigeuka kuwa mapenzi, huku nchi yao ikipigwa na maafa yaliyokwisha kusimuliwa kwingine, kama mafuriko aliyoyaleta Namor, mfalme wa Atlantis, katika hadithi zilizochapishwa mwaka 2012. Mimi niliusoma kwa haraka ulipotoka na sikuupa uzito. Niliona matukio makubwa yanapitwa mbiombio, kana kwamba kila msomaji anayajua. Nilipourudia pamoja na wanafunzi, niliona kwamba haraka ile ina sababu yake: vita na mafuriko ni mambo ya mfalme, na mwandishi anasimama kwa utulivu pale tu wanawake wawili wanapozungumza uwanjani baada ya mazoezi. Mfululizo wa namna hii, unaowatoa wahusika wasaidizi pembeni na kuonyesha usuli wao, hauwezi kukatwa ovyo, kwa maana sababu zote za mambo tunayoyajua zimehifadhiwa katika vijisehemu ambavyo fundi wenu ameviona ni vya ziada.

Ndiyo maana kosa lililotuumiza kuliko yote ni kuondolewa kwa hadithi fupi iliyo mwishoni mwa toleo la kwanza. Hadithi hiyo, iliyoandikwa na Yona Harvey pamoja na Coates na kuchorwa na Afua Richardson, inamhusu Zenzi, mwanamke mwenye uwezo wa kuyaamsha yale yaliyojificha ndani ya mioyo ya watu. Katika mfululizo mkuu wa mwaka 2016, Zenzi ndiye anayeiwasha hasira ya wachimbaji katika mgodi wa vibranium, madini ya kubuniwa ya Wakanda, hadi wanamgeukia mfalme wao wenyewe. Bwana Mkurugenzi, sisi tunaishi Lubumbashi. Darasani mwangu ni vigumu kumpata mwanafunzi asiye na baba, mjomba au babu aliyewahi kufanya kazi ya mgodi au ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, na ukurasa ule wa wachimbaji kumkabili mfalme ndio uliozua mabishano makali kuliko kurasa zote tulizosoma mwaka huu. Wengine walisema Zenzi amewachochea watu waliokuwa wametulia, wengine wakasema hasira ilikuwapo tangu zamani na yeye amefunua kifuniko tu. Tuliagiza mfululizo huu kwa kiasi kikubwa ili tumsome Zenzi kabla ya siku ile ya mgodini. Tulipofika mahali pake tukakuta mabaki ya karatasi zilizokatwa kwa wembe, yakiwa yamebanwa ndani ya mshono wa kitabu.

Niliambiwa dukani kwamba kurasa hizo huenda zilipotea njiani mzigo ulipokuwa ukitoka mpakani Kasumbalesa. Siwezi kulipokea jibu hilo. Karatasi inayopotea njiani haiachi ukingo ulionyooka kama rula, na ni jambo la ajabu kwamba hadithi imepotea ilhali tangazo la biashara lililokuwa jirani yake limefika salama.

Kuhusu mpangilio, toleo la 6 limewekwa mwanzoni mwa kitabu. Hilo ni toleo linalojitegemea, lililoandikwa na Rembert Browne, nalo linamhusu Kasper Cole, polisi wa New York aliyewahi kulivaa vazi la Black Panther. Kwa maoni yangu ndilo toleo dhaifu kuliko mengine, na halina uhusiano wa karibu na Aneka wala Ayo, kwa hiyo anayeanza nalo anafunga kitabu akiamini kwamba tumemdanganya. Namba imeandikwa kwenye jalada la kila toleo. Fundi alihitaji kuitazama tu.

Ukataji wa kingo nao umepita kiasi. Katika kurasa nyingi mashine imekula pambizo yote na kuingia ndani ya picha, hata maneno yaliyo kwenye visanduku vya pembeni yamebaki nusu. Wanafunzi wangu wanajifunza Kiingereza kwa vitabu hivi, na neno lililokatwa mkia haliwezi kutafutwa katika kamusi.

Kibandiko cha mgongoni kina jina moja tu, la Ta-Nehisi Coates. Sina neno juu ya mchango wake, lakini mfululizo huu ulipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni ya Marekani, mwaka 2018 kama mfululizo bora wenye idadi maalumu ya matoleo, na miongoni mwa waliotajwa katika tuzo hiyo ni Roxane Gay na Alitha Martinez. Hadithi nzima inahusu wanawake waliosimama nyuma ya mfalme bila kuulizwa wanafikiri nini, kisha kampuni yenu inakifunga kitabu na kuwaacha nje wanawake walioiandika na kuichora. Mabinti wawili wa kikundi chetu waliliona jambo hilo kabla yangu na wakaniuliza kwa nini. Sikuwa na la kuwajibu, na ningependa jibu litoke kwenu.

Sikubaliani pia na kauli ya kwamba katuni ni mchezo wa watoto. Katika mji huu wazazi wetu walisoma Mwana Shaba Junior, gazeti la vijana lililotolewa na kampuni ya migodi, na wapo wanaoyatunza matoleo yake kabatini hadi leo pamoja na vyeti vya ndoa.

Kwa hayo yote, tunaiomba Kampuni ituletee toleo la kwanza lisilokatwa, iyajalidi upya matoleo yote kwa kufuata namba zake na bila kuzigusa tena kingo, na ibandike mgongoni majina ya waandishi na wachoraji wote. Matoleo ambayo maneno yake yamekwisha kuliwa na mashine hayawezi kutengenezwa, kwa hiyo hayo tunadai yabadilishwe kwa gharama yenu. Ikiwa hamuwezi kuyapata, tutarudisha kitabu na kupokea fedha zetu zote, kwa dola kama tulivyolipa, wala hatutakubali kupewa bidhaa nyingine ya thamani hiyohiyo. Tunaomba pia katalogi irekebishwe, kwa sababu nimeona kitabu hichohicho bado kinatangazwa humo kuwa kamili, na ninajua shule nyingine mbili zinazotaka kukiagiza.

Nimeambatanisha nakala ya risiti pamoja na picha za mshono uliokatwa, za kurasa zilizopoteza maneno na za kibandiko. Kitabu chenyewe kipo ofisini kwa mkuu wa shule, na mjumbe wenu anaweza kukikagua siku yoyote ya masomo kabla ya saa saba mchana.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zangu za heshima.

Mwalimu wa Kiingereza na msimamizi wa kikundi cha usomaji,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi